Mti Mgeni Wenye Mafuta: Kuutambua na Kuumalizia

Mchongaji wa Tanga hukutana mara kwa mara na miti asiyoijua, na sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni bandari. Meli zimeingia na kutoka hapa kwa zaidi ya karne moja, na kila chombo kinachokarabatiwa au kukatwakatwa huacha vipande vya mti ambavyo havikuota katika ardhi yetu. Ya pili ni milima iliyo nyuma ya mji. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha huko Amani, katika Usambara Mashariki, taasisi ya utafiti wa mimea na kilimo, wakapanda mamia ya aina za miti iliyoletwa kutoka Asia, Amerika na kwingineko ili waone ipi ingestawi. Mingi ilibaki, na mingine ikajipanda yenyewe. Mmoja ukiangushwa na upepo katika shamba la mtu, vipande vyake hushuka Muheza hadi Ngamiani vikiwa havina jina zaidi ya "mti wa mlimani".

Kipande kilichonifanya niandike makala haya kilikuja kwa njia ya bandari. Muuza vyuma chakavu mmoja alikuwa nacho chini ya rundo la shaba na mabati, naye akataka kunipimia kwa kilo kama alivyopima vingine. Kilikuwa na urefu wa sentimita 20 hivi. Upande mmoja ulikuwa umebonyea kama sehemu ya ndani ya bomba, na rangi yake ilikuwa kahawia iliyoingia ukijani. Nilipokipitishia ukucha, ukucha uliteleza kana kwamba kimepakwa nta, lakini nilipokifuta kwa kitambaa kikavu, kitambaa hakikutoka na kitu. Utelezi ule ulikuwa wa mti wenyewe.

Mtu anayepata kipande cha namna hiyo huuliza maswali mawili, tena kwa siku tofauti. Kwanza huuliza huu ni mti gani. Baadaye, kazi ya patasi ikiisha, huuliza aupake nini. Ninachotaka kueleza hapa ni kwamba maswali hayo ni swali moja. Vitu vinavyoupa mti harufu, uzito na rangi yake, ambavyo kwavyo tunautambua, ndivyo vilevile vinavyoikataa vanishi au kuikubali. Anayeutambua mti vizuri kabla ya kuuchonga huwa ameshajua nusu ya kazi ya kuumalizia, hata kama jina lake hakulipata.

Neno "mafuta" lenyewe linapotosha. Mti haubebi mafuta kama ya nazi au ya ufuta. Kadiri mti unavyozeeka, seli za katikati yake hufa, na kabla ya kufa hujazwa kemikali za kuulinda dhidi ya kuvu na wadudu. Ndiyo maana kiini huwa na rangi na harufu, hali tabaka jeupe la nje halina. Kemikali hizo ni za jamii nyingi sana, lakini kwa mtu wa patasi na msasa inatosha kuzitazama kwa mafungu matatu. Lipo fungu la zile zinazoruka hewani, ambazo ndizo zinazonukia: kafuri ya mkafuri, manukato ya msandali, harufu ya mwerezi. Lipo fungu la ulimbo mzito usioruka, unaokaa ndani ya vitundu vya mti kama gundi iliyoganda. Na lipo fungu la vitu vyenye rangi, vya jamii ya fenoli na kwinoni, ambavyo mpingo na ndugu zake wamejaa. Mti mmoja unaweza kuwa na mafungu mawili kwa pamoja. Msaji, kwa mfano, una kwinoni na pia una kitu cha jamii ya mpira ambacho huufanya uteleze mkononi kama ngozi iliyotiwa mafuta.

Kabla ya kupima chochote, ni lazima kuuliza kipande kimetoka wapi na kilikuwa nini. Wachongaji wengi hukimbilia rangi, na rangi ndiyo shahidi dhaifu kuliko wote, kwa sababu jua, moshi, chumvi na uzee huibadilisha. Umbo halibadiliki. Kipande changu kilikuwa kimebonyea upande mmoja kwa ustadi wa mashine, na ubonyeo huo ulikuwa umelainishwa na kitu kilichozunguka juu yake kwa miaka. Kitu kinachozunguka nyuma ya meli ni mhimili wa rafadha, lile pangaboi linaloisukuma meli majini. Mwaka 1854 mhandisi Mwingereza John Penn alipata hataza ya kutumia vipande vya mti mgumu wenye ulimbo kama bea, yaani vishikizi ambavyo mhimili huo huzunguka ndani yake, na kwa zaidi ya miaka mia moja baadaye mihimili ya meli nyingi duniani ilizunguka juu ya mti badala ya shaba. Mti huo haukuhitaji grisi, kwa sababu ulimbo wake na maji ya bahari vilitosha kuulainisha. Kwa hiyo, hata kabla sijachukua wembe, nilikuwa na dhana.

Dhana, hata hivyo, hupimwa, na kipimo cha kwanza ni uzito. Kwa kipande kinachoelea, kata ufito wenye unene ulio sawa na urefu wa sentimita 10, uusimamishe ndani ya bilauri nyembamba yenye maji, kisha utazame sentimita ngapi zimezama. Zikizama 6 na nusu, mti una uzito wa gramu 0.65 hivi kwa kila sentimita ya ujazo, nao unaweza kuwa msaji au mvule. Zikizama 9, uko karibu na muhuhu, ule mti unaonukia wa misitu ya pwani ambao wachongaji wa Kenya wameutumia kwa miaka mingi. Mti unaozama wote huhitaji njia nyingine. Nilijaza ndoo maji hadi ukingoni, nikaiweka ndani ya beseni kavu, nikakishusha kipande changu taratibu kwa uzi, na maji yaliyomwagika nikayapima kwenye mizani ya dukani. Yalikuwa gramu 1,090, maana yake kipande kilikuwa na ujazo wa sentimita za ujazo 1,090. Kipande chenyewe kilikuwa gramu 1,330. Gawanya, upate 1.22. Miti inayofikia uzito huo duniani ni michache. Mpingo wetu ni mmojawapo, lakini mpingo huwa mweusi wenye zambarau, wala hauna ukijani.

Hapa inafaa kutahadharisha, kwa sababu hatua inayofuata ni kukata, na kukata hutoa vumbi. Miti yenye kemikali nyingi ina vumbi kali. Jamii ya mpingo, na hasa ndugu zake wa Amerika ya Kati, huufundisha mwili kuuchukia: mtu anaweza kuuchonga mara tisa bila shida, na mara ya kumi akavimba macho na kutokwa na upele hadi shingoni, na tangu siku hiyo kila akiugusa hali ni ileile. Ipo pia miti ya Afrika yenye kiini kizuri cha kahawia, chenye mafuta na harufu tamu, ambayo utomvu wake huunguza ngozi na macho. Mmoja wao ni ule unaoitwa tamboti huko Afrika Kusini, ambao moshi wake ukipita kwenye chakula humdhuru mlaji. Kwa hiyo vaa barakoa, osha mikono kabla ya kujifuta jasho usoni, usiupikie mti usioujua, wala usiulambe kama wafanyavyo baadhi ya wazee wa kazi hii ili kuujua kwa uchungu wake.

Baada ya hapo, kata sehemu ndogo na uinuse papo hapo. Mara nyingi harufu ya mkato mpya huishi dakika chache tu, kisha huisha au hugeuka. Msaji hunuka ngozi na mafuta. Mpingo hauna harufu ya kutajika. Harufu ya sanduku la sigara nene ni ya mwerezi wa Amerika ambao uliletwa Usambara, nao ukipata joto hutoa matone ya ulimbo yanayonata. Harufu ya kafuri ndiyo inayowatatanisha watu wa Tanga zaidi, na kwa haki kabisa, kwa sababu ina wenyewe wawili. Mmoja ni mkulo, mti wa asili wa milima yetu, ambao jina lake la kisayansi hata linabeba jina la Usambara. Mwingine ni mkafuri wenyewe wa Asia ya Mashariki, uliopandwa Amani. Miti hiyo ni ya ukoo mmoja, na kwa mchongaji anayetafuta namna ya kumalizia kazi, udugu huo unatosha. Kwa anayetakiwa kueleza mti wake ulikatwa wapi, tofauti yake ni kubwa mno.

Shahidi mwenye nguvu kuliko wote ni kichwa cha mti, yaani upande ulioikata mikondo ya nyuzi. Usiutazame ulivyotoka kwenye msumeno, kwa sababu msumeno huchana na kuficha. Ulowanishe kidogo, kisha uukate kwa wembe mpya, kipande kidogo kama ukucha wa kidole kidogo, kwa mkato mmoja usiorudiwa. Ukitazama kwa kioo cha kukuzia mara 10, utaona vitundu, ambavyo ni mirija iliyopandisha maji, na utaona miali myembamba inayotoka katikati kwenda nje. Uliza: vitundu ni vikubwa au vidogo? Kimoja kimoja, au vimeshikana viwili vitatu? Vimezungukwa na weupe kama mbawa, kama ilivyo kwa mkongo na mninga, au viko uchi? Ndani yake mna unga wa njano au ulimbo? Kisha geuza kipande, utazame ubavu wake uliopigwa randa, ukiuelekeza kwenye mwanga wa pembeni. Katika mpingo na ndugu zake, na katika miti mingine michache, utaona mistari midogo sana iliyopangana kukata mkondo, sawasawa na mawimbi madogo ambayo maji kupwa huyaacha kwenye mchanga wa Sahare. Mistari hiyo haitengenezwi na rangi wala na uzee. Ni mpangilio wa seli zenyewe, na hakuna kiwi cha viatu kinachoweza kuuiga.

Katika kipande changu vitundu vilikuwa vidogo sana, kimoja kimoja, vimetawanyika na kuzibwa na kitu cha kijani kilichoiva. Mistari ile ya mchanga ilikuwapo. Nyuzi zilibadili mwelekeo kila baada ya milimita chache, na ndiyo maana patasi ilinyanyua magamba upande mmoja na kuteleza upande mwingine. Uko mti mwingine wa Amerika Kusini unaouzwa kwa jina lilelile la kibiashara, wenye rangi na uzito unaokaribiana, lakini vitundu vyake hujipanga kwa mistari ya mshazari kama manyoya ya ndege. Wangu haukuwa na manyoya. Ulikuwa gwayakamu, mti wa visiwa vya Karibi na nchi za jirani, ambao Wazungu wa karne ya 16 waliuita kwa Kilatini lignum vitae, yaani mti wa uzima, kwa kuwa waliamini ulimbo wake unaponya kaswende. Imani hiyo ilikufa, lakini ulimbo wenyewe haukuondoka hospitalini. Kwa miaka mingi kadi za kupimia damu iliyojificha kwenye choo zimetengenezwa kwa ulimbo huohuo, kwa sababu hugeuka buluu unapooksidishwa, na damu huuharakisha mgeuko huo. Kwa sababu ya karibu na hiyo, uso mpya wa mti huu ukiachwa juani hugeuka kijani.

Kipimo cha mwisho ndicho daraja la kutuvusha kutoka jina hadi umaliziaji, nacho ni kitambaa cheupe chenye spiriti. Lowanisha ncha ya kitambaa, sugua kiini mara kumi, utazame. Kwanza ijaribu spiriti yenyewe kwenye kitambaa kitupu, kwani ile inayouzwa ikiwa imetiwa rangi ya zambarau inaweza kukudanganya. Kitambaa kikitoka na wekundu, zambarau au hudhurungi iliyokolea, mti una fenoli na kwinoni nyingi. Kikitoka kinanata lakini hakina rangi nyingi, ni ulimbo. Kikibaki cheupe huku harufu ikiongezeka, ni mafuta yanayoruka. Kipimo hiki pia huumbua kinyago cha mti mweupe kilichopakwa kiwi cheusi na kuuzwa kama mpingo, ingawa wengi hukisoma vibaya. Mpingo wa kweli nao hutoa rangi ukisuguliwa kwa spiriti. Tofauti ni kwamba rangi ya mpingo ni zambarau-hudhurungi na chini yake mti unabaki mweusi, wakati kiwi hutoka cheusi chenye harufu ya nta na chini yake mti unaanza kupauka. Nimewahi kumwona mnunuzi akimtukana fundi mwaminifu kwa kutoijua tofauti hiyo.

Sasa tuingie kwenye kupaka. Vitu vingi tunavyopaka kwenye mti hukauka kwa njia kuu mbili. Ya kwanza ni kuruka kwa kimiminika: laka hukauka kwa kuwa tina, kiyeyushi chake, imeruka, na shelaki, ambayo ni utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa India na Thailand, hukauka kwa kuwa spiriti imeruka. Kinachobaki ni kilekile kilichokuwa kimeyeyushwa. Ya pili ni kuvuta oksijeni: mafuta ya kitani, ambayo madukani huitwa linsidi, na vanishi nyingi za kopo, hukauka kwa kuwa chembe zake hushikana na oksijeni ya hewani, kisha zikashikana zenyewe kwa zenyewe hadi zikawa ngozi ngumu. Vanishi za kale za Ulaya na Marekani zilipikwa kwa mafuta hayo pamoja na sandarusi, ulimbo wa miti ulioganda, na katika karne ya 19 sandarusi nyingi ilichimbwa katika pwani yetu hii, ikapitia Unguja na kufika hadi Salem huko Marekani. Mafuta ya nazi hayamo katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Hayakauki kamwe, na kinyago kilichopakwa mafuta ya nazi hung'aa wiki moja kisha hukusanya vumbi na kunuka. Sifa, mafuta ya papa wanayopaka mabaharia kwenye majahazi, ina kazi yake ya kuhifadhi mbao za chombo, na kinyago cha sebuleni si mahali pake.

Tatizo la mti wenye fenoli liko hapa. Fenoli na kwinoni, zilezile zinazoufanya mti usiliwe wala usioze, ni wazuiaji wa kazi ya oksijeni. Unapopaka juu yake kitu kinachotegemea oksijeni ili kikauke, wazuiaji hao huingia ndani ya vanishi na kuukata mnyororo wa kushikana kila unapoanza. Matokeo yake ni vanishi inayonata kesho, inayonata keshokutwa, inayonata mwezi ujao. Nilipokuwa ningali kijana katika kazi hii, nilimchongea mzee mmoja wa Makorora bakora ya mpingo, nikaipaka vanishi ya kopo mikono mitatu kwa sababu nilidhani wingi ni uimara. Alirudi nayo baada ya mwezi. Hakupandisha sauti. Alinionyesha kiganja chake chenye utando wa kahawia na nyuzi nyeupe za kanzu zilizoganda kwenye kishikio, akasema, "Mwanangu, hii haijakauka, na mimi nimeingia nayo msikitini." Nilimwomba radhi, nikaikwangua kwa kipande cha kioo hadi nikaufikia mti, nami nikalaumu kopo la vanishi na mvua za masika. Kopo halikuwa na kosa. Unyevu wa masika huchelewesha, ni kweli, lakini hauzuii mwezi mzima.

Dawa ya mti wa namna hiyo ni kutumia kinachokauka kwa kuruka. Shelaki iliyoondolewa nta, au sila ya kupigia msasa ambayo mafundi wa samani wanaijua, kisha laka juu yake, hazijali fenoli kwa sababu hazitegemei oksijeni. Anayetaka lazima vanishi ya mafuta aitangulize shelaki mikono miwili iwe ukuta kati ya mti na vanishi. Wengine hufuta mti kwa asetoni au tina kwanza, na kwa gundi jambo hilo ni la lazima: uso uwe umepigwa randa au msasa muda huohuo, ufutwe, ukauke dakika chache, gundi ipakwe papo hapo, kwani ukiuacha hadi kesho mafuta hupanda tena juu. Kwa umaliziaji, kufuta peke yake hakutoshi. Kunaondoa kilichopo juu, na kilicho chini kitafuata.

Katika mpingo lipo jambo jingine ambalo vitabu vya useremala hulipita haraka, nalo ndilo linaloharibu kazi nzuri. Wachongaji wetu hupenda kuacha sehemu ya tabaka jeupe la nje ili ipambane na weusi wa kiini. Shelaki ina spiriti, na spiriti, kama tulivyoona kwenye kitambaa, huvuta zambarau kutoka katika kiini. Ukipitisha brashi kutoka kwenye weusi kwenda kwenye weupe, utaburuta rangi hiyo hadi kwenye weupe, na kuitoa tena ni kuchonga upya. Pitisha kutoka kwenye weupe kwenda kwenye weusi, mkono wa kwanza uwe mwembamba, brashi ifutwe kila mara, wala usirudie mahali palipolowa. Hata vumbi la msasa hufanya hivyohivyo likiingia katika vitundu vya sehemu nyeupe, kwa hiyo sehemu hiyo isafishwe kwa brashi kavu, isifutwe kwa kitambaa chenye spiriti.

Mti wenye kafuri una ugomvi wa aina yake. Hauzuii vanishi sana kama mpingo, lakini mvuke wake hulainisha laka. Sababu yake inajulikana tangu karne ya 19, pale seluloidi, mojawapo ya plastiki za kwanza, iliyotumika kwa vitana na filamu, ilipotengenezwa kwa kuchanganya nitroselulosi na kafuri ili ilainike na kukunjika. Laka ya kawaida ya fundi ni nitroselulosi. Anayeipaka ndani ya kasha la mkulo na kulifunga, anatengeneza mchanganyiko uleule bila kukusudia, na baada ya miezi nguo hunata kwenye kuta za kasha. Kasha la namna hiyo lipakwe nje tu, ndani liachwe wazi. Harufu yake ndiyo iliyomfanya mwenyewe alinunue.

Kuhusu mafuta ya kitani, hayo yanayofaa kwa miti isiyo na fenoli nyingi, neno moja halina budi kusemwa. Kule kuvuta oksijeni hutoa joto, na kitambaa kilicholowa linsidi kikikunjwa na kutupwa kwenye kona yenye maranda kinaweza kuwaka chenyewe usiku bila kiberiti. Kianikwe kikiwa kimetandazwa nje, au kitiwe kwenye ndoo ya maji.

Jina nalo lina pahala pake, hasa kwa anayewauzia wageni. Mkataba wa CITES, ule wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, unasimamia biashara ya jenasi nzima ya gwayakamu tangu mwaka 2003, na ya mpingo pamoja na ndugu zake tangu Januari 2017. Magogo na mbao za mninga na mkongo wa Afrika ziliingia Februari 2023. Kwa mpingo, bidhaa zilizokamilika ambazo mti wake hauzidi kilo 10 katika shehena moja zimesamehewa kibali cha mkataba huo, na mteja anayebeba kinyago kimoja hana sababu ya kuogopa uwanja wa ndege kwa ajili ya mkataba huo. Lakini huwezi kumwambia hivyo kwa moyo mweupe ikiwa hujui unachomuuzia.

Narudi kwenye kipande changu. Kilikuwa kimekaa majini kwa miaka, na mti mzito uliolowa ukikauka upesi hupasuka kuanzia vichwani. Kabla ya kukipima nilikuwa nimekipaka nta ya moto kwenye vichwa vyote viwili, nikakifunga katika gunia na kukiweka kivulini kwa miezi saba, nikikipima uzito kila mwezi hadi uliposimama. Nilikichonga silikanti, yule samaki wa kale ambaye hifadhi ya bahari ya Tanga ilianzishwa mwaka 2009 kwa ajili yake, kwa sababu ukijani wa mti na magamba yake mazito yalinipa wazo. Hapo uamuzi wa kumalizia ulikuwa mwepesi. Mti wenye ulimbo kiasi hicho, wenye vitundu vilivyokwisha kuzibwa, hauhitaji kitu cha kuujaza, na laka ingezama katika mifereji ya magamba na kuyafanya mabutu.

Nilikwangua sehemu bapa kwa kioo, kwa kuwa msasa ukitumiwa mapema na kwa nguvu hupasha ulimbo joto, ukayeyuka, ukauziba msasa na kuacha mistari inayong'aa vibaya. Kisha nikapita na msasa namba 320, 600, na 1,000, kwa mkono, taratibu, nikipumzika kila uso ulipopata joto. Magamba niliyasugua kwa brashi ngumu peke yake. Mwisho niliyeyusha sehemu moja ya nta ya nyuki katika bakuli lililowekwa ndani ya maji ya moto, nikaiondoa mbali na jiko, nikaichanganya na sehemu tatu za tapentaini, nikaipaka nyembamba kabisa, nikaiacha usiku mmoja, na asubuhi nikasugua kwa kitambaa cha pamba hadi kitambaa kikawa hakitoki na kitu.

Samaki yule nilimweka dirishani, akipata jua la asubuhi. Baada ya wiki sita mgongo wake ulikuwa kijani cha chupa, na ukimnyanyua, alama mbili za mapezi yaliyokuwa yamegusa kizingiti bado zina rangi ya kahawia aliyokuwa nayo siku nilipoweka patasi chini.